Ngozi ya Kibanjo

Mume wangu alinifukuza chumbani kwa sababu ananipenda. Usicheke, sijamaliza.

Nilikuwa nimeingia na mashuka niliyoyaanua kambani, yeye ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, jua la alasiri limemlalia mabegani. Akanitazama kwa upole. "Mama," akasema, "niwie radhi. Humu ni chumba cha mtu na mkewe. Haipendezi ukae humu." Nikamwambia mkewe ni mimi. Akatikisa kichwa taratibu, akanionea huruma, mzee mzima nimekuwa mwongo. "Mke wangu mkali," akasema. "Akikukuta humu, mimi simo."

Haya basi. Ananitisha kwa mimi mwenyewe! Nilibwaga mashuka sakafuni, nikatoka nikabamiza mlango, na huko sebuleni nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu machozi yakaendelea yenyewe, kicheko kimekwisha. Tangu siku hiyo nikawa nalala kwenye kochi, mwanamke na nyumba yake.

Kochi ningelivumilia. Kilichonishinda ni chakula. Nikimpelekea sahani anashukuru, anaiweka mezani, anaifunika. "Namsubiri mke wangu," anasema. "Huwa tunakula pamoja." Na mimi nimesimama hapo hapo, kijiko mkononi. Chakula kinapoa, kinaganda, ananisubiri huku ananiona. Mtu mwaminifu kiasi hicho utamgombeza nini? Nilimgombeza hata hivyo, maana mimi sina subira na sijawahi kudai ninayo. Nilimpigia kelele kwamba ni mimi, mimi, nani mwingine! Akaziba masikio, akajikunyata pembeni mwa kitanda. Mashati yake yakaanza kumning'inia.

Binti yetu akaja. Ni muuguzi, anaishi mji mwingine, na akiingia nyumbani kwangu huanza kwa kufungua madirisha yote, utadhani mimi nafuga moshi. Aliketi kitandani kando ya baba yake, akamlisha kijiko kwa kijiko, na baba yake akala sahani nzima. "Asante, sista," akamwambia. Binti yangu akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama, kwangu atakula," akasema. "Mimi ananiona muuguzi. Muuguzi si kishawishi."

"Kwa hiyo mimi ndiye kishawishi?"

"Kwa baba, ndiyo." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Jumapili nitaondoka naye. Mama, anakufa njaa akikusubiri wewe."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," nikamwambia. "Unadhani utambeba kirahisi hivyo?"

"Si mzigo wa mwenzangu. Ni baba yangu."

Nikageukia sufuria, nikaisugua ingawa ilikuwa safi. Nilijua akiingia kwenye gari la binti yake harudi. Huko atakula, ndiyo, ataishi. Lakini kila jioni atakuwa anamsubiri mkewe mpaka asinzie, na mimi sitakuwa hata na pa kusimama na kijiko. Nilitaka kitu kimoja tu: anijue kabla ya Jumapili. Hata kwa muda wa sahani moja.

Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kibanjo.

Watu wengi hawakijui, na wanaokiona hudhani ni cha kuchezea watoto. Ni kigoma kidogo kilichoota shingo. Ubao umeviringwa, juu yake ngozi ya ndama, ngozi imebanwa na pete ya chuma yenye skrubu kuzunguka pande zote, na juu ya ngozi nyuzi nne tu. Ukikipakata kinatulia tumboni. Shangazi yangu aliniletea nikiwa msichana, kipya, ngozi nyeupe pe, akaniambia nikicheze nisije nikajifunza umbeya. Nilijifunza vyote viwili.

Siku hizo nilikuwa kiwanda cha nguo, upande wa kufumia. Mitambo ilinguruma tangu asubuhi, husikii hata mawazo yako, tukawa tunazungumza kwa midomo na vidole. Vumbi la pamba lilielea hewani kutwa nzima, linatua kwenye nywele, linatua kwenye kope, na jua likipenya vioo vya paa unamwona mwenzako mweupe, yuko mbali, anakuja polepole, na huna hakika kama uko macho au umelala. Saa ya chakula mitambo ikizimwa, ukimya ulishuka mpaka masikio yanauma. Hapo ndipo nilipokuwa nakaa juu ya marobota, stoo ya nyuma, nikapiga.

Yeye alikuwa fundi mitambo. Kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza. Mashine zote zinalia pamoja, yeye anasimama katikati, anafumba macho, kisha ananyoosha kidole: ile pale, inaumwa. Ukienda kuifungua, kweli inaumwa. Mimi pia alinisikia kabla hajaniona. Tukaoana, kibanjo kikaja na mimi, na kwa maisha yetu yote alikitegea sikio kama mtambo wake mwingine.

Kilipokuwa kipya kilikuwa kinapiga kelele, wacha niseme ukweli. Sauti kali, ya juu, inakatika hapo hapo, mtu anagonga kijiko kwenye debe. Kisha miaka ikaanza kuingia. Jasho la kiganja likaingia kwenye ngozi, mafuta ya vidole nayo, likatokea baka la rangi ya chai pale mkono unapolalia, na sauti ikashuka. Yeye ndiye aliyegundua, alikuwa ananyoa ndevu, povu limejaa kidevuni. "Kinaiva," akasema, akaendelea kunyoa. Tulipopata mtoto, ubao nao ulikuwa umekauka barabara, ukaanza kuitikia, mlio ukawa unakaa kidogo chumbani kabla ya kwenda zake. Wakati wa mvua ngozi ililegea na kibanjo kikasemea puani. Wakati wa jua ilikaza na kibanjo kikapayuka. Lakini chini ya hayo yote sauti yenyewe ilizidi kuwa nzito na kavu mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa sauti ya mtu mzima anayezungumza akiwa ameketi. Wapiga muziki walinishauri nibadilishe ngozi. Mume wangu aliwajia juu. "Ngozi haibadilishwi," akawaambia, "ngozi inalelewa."

Alipoanza kusahau, kibanjo ndicho kilichomshika. Alikuwa akipotea njia humu humu ndani, anasimama kati ya jikoni na sebule, mkono umeinuka, hajui alikuwa anafuata nini. Nikipiga kidogo tu, anageuka. "Mke wangu huyo," anasema, na anakuja. Zilikuwa alasiri ndefu, pazia linapumua, yeye kwenye kiti chake amefumba macho, mimi napiga, na sisemi kwamba nilikuwa na furaha, lakini nilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa inafanyika.

Halafu ikaanza kupungua. Kwanza aliniuliza kama mtoto amelala, na mtoto mwenyewe ana watoto wake. Baadaye mtoto hakumtaja tena. Akawa anauliza ni lini tutapata kabati la nguo, na kabati limemsimamia mbele ya macho. Nikipiga, anasikiliza, anakunja uso. "Chombo kizee hicho," akasema siku moja. "Cha nani? Cha mke wangu kinalia."

Neno hilo lilinichoma. Nikajiambia ni mvua. Mvua zilikuwa zimekaa, nguo hazikauki, ngozi imelegea, kibanjo kina mafua. Hata mimi nisingekijua. Basi nikakaza skrubu. Kila asubuhi nazungusha kidogo, kila asubuhi nakipiga mlangoni pake, kila asubuhi anachungulia na kusema, "Asante mama, pole na kazi." Binti yangu alipoitaja Jumapili nikakaza zaidi. Hasira zangu zote ziliingia kwenye skrubu zile.

"Mama, kitapasuka hicho," binti yangu akasema.

"Kishike kitabu chako cha dawa, kibanjo niachie mwenyewe."

Mtu aliyelea ngozi anajua: ukikaza wakati wa mvua, jua likitoka, kimbia ukalegeze. Mimi hilo nalijua hata usingizini. Jua likatoka. Jua safi, mtaa mzima ukatoka nje, kila dirisha lina blanketi. Nikaanika godoro, nikaanika mito, nikafua mapazia, nikawa naimba peke yangu, na kibanjo kiko juu ya meza ya dirishani, kimeelekea juani. Nikasikia mlio mmoja, pa! Binti yangu alidhani sahani imevunjika.

Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo, ikapita katikati ya baka la chai. Nilikaa chini sakafuni na mikono yangu yenye sabuni, nikakipakata. Maisha yangu yote yalikuwa yameingia kwenye ngozi ile, tone kwa tone, na mimi mwenyewe nimeipasua kwa kiherehere. Mume wangu akachungulia mlangoni. "Pole sana, mama," akasema. "Umefiwa?"

Nikamwambia ndiyo.

Akaketi kando yangu sakafuni, mbali kidogo kwa heshima, akanikalia matanga mpaka jua likahama ukutani. Alikuwa bado mume mzuri, ila hakujua ni wa nani.

Nyuma ya karakana ya seremala kuna fundi ngoma tunamwita Kishindo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alikigeuzageuza kibanjo, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Bibi, hii ngozi imenizidi umri."

"Heshimu wakubwa zako basi, weka nyingine."

"Ninayo ya plastiki. Haiogopi mvua wala jua."

"Hata mimi siogopi mvua wala jua. Weka ya ndama."

Akacheka tumbo likamtikisika. Akachagua ngozi iliyokwisha kukwanguliwa, akailoweka mpaka ikawa laini kama kitambaa, akaivuta juu ya pete, akaitundika kivulini. Huwezi kuiharakisha. Nilikwenda kuiangalia kila siku, na kila siku akanifukuza. "Kipya kinyemi, bibi, ingawa kidonda," akanifariji.

"Kidonda utakipata wewe ukinichelewesha."

Jumapili asubuhi akanikabidhi. Ngozi nyeupe, haina alama, haina mtu. Nikapitisha kidole kwenye nyuzi hapo hapo karakanani. Debe! Sauti kali, ya juu, inakatika kabla hujaishika. Nikamuuliza itachukua muda gani kuiva.

"Bibi, si unajua mwenyewe? Miaka. Kwani una haraka gani?"

"Nina mpaka saa nane mchana," nikamwambia.

Nyumbani binti yangu alikuwa anakunja mashati ya baba yake, anayapanga kwenye begi moja moja, anayalainisha kwa kiganja. Hakuniangalia. Baba yake alikuwa chumbani, amevaa viatu, amekaa. Nikapakua chakula kwa mazoea, nikakifunika, nikatoka nacho uani, nikakaa kwenye kigoda. Mashuka yalikuwa kambani. Ulikuwa mchana ule ambao hata majirani wamenyamaza, upepo umekatika, mwanga umekaa ndani ya mashuka na hautoki.

Sikupiga ili nimwite. Nilikwishakata tamaa. Nilipiga ili nikichukie kile chombo, nimalizane nacho. Nikakipiga kwa nguvu, wimbo wa haraka haraka wa ujana, na kile kikaropoka, kikagonga ukuta wa uani, kikanirudia. Na pale, Mungu wangu, nilikoma kujua niko wapi. Vidole vilikuwa vyembamba. Kulikuwa na vumbi la pamba kwenye kope zangu. Masikio yaliuma kwa ule ukimya wa saa ya chakula, na nyuma yangu kulikuwa na marobota, na nikainua macho nijue nani amesimama mlangoni.

Alikuwa amesimama kati ya mashuka mawili. Amelowesha nywele kwa maji, amezichana. Amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Amesimama kwa mbali, mikono nyuma.

"Samahani, dada," akasema.

Dada! Miezi yote hiyo nilikuwa mama.

"Nimekusikia kutoka kule kwenye mitambo," akasema. "Wenzangu wamenikataza nisije kukusumbua. Nimekuja."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajiona mpumbavu. Alikuwa anarudi nyuma, mwaka kwa mwaka, na mimi kila siku namwita kwa sauti ya mbele. Ile sauti yangu iliyoiva, niliyoilea kwa maisha mazima, ilikuwa ya mwanamke ambaye yeye bado hajakutana naye. Hii ya debe ndiyo anayoijua. Na huku alikofika leo hakuna harusi bado, hakuna kitanda, hakuna mke mkali wa kumsubiri mezani.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bado."

"Kaa basi ule. Kimepoa lakini."

"Si neno." Akavuta kigoda kingine, akafunua sahani, akala. Akala hivi hivi, mbele yangu, chakula cha mkono wangu. "Usiache kupiga," akasema mdomo umejaa. Nikapiga. Sijui nilipiga nini. Nilifurahi na niliumia, vyote kwa pamoja, na yule msichana wa juu ya marobota nilimwonea wivu mpaka nikatamani kumzaba kofi. Povu la kidevuni, mtoto, kabati, alasiri zote zile, hana tena hata moja. Zimebaki kwangu peke yangu.

Binti yetu alitokea mlangoni na begi mkononi. Akatuangalia. Akaiangalia sahani ikiisha. Akaweka mkono mdomoni, akarudi ndani, na nikasikia droo za kabati zikifunguliwa, moja baada ya nyingine, mashati yanarudi.

Alipomaliza kula alinawa mikono bombani, akajipangusa kwa leso, akaja akasimama mbele yangu. Hakuwa akitazama nywele zangu wala uso wangu. Alikuwa akitazama vidole.

"Dada, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Una mtu?"

Vidole vikasimama kwenye nyuzi. Ninaye, nilitaka kusema. Ninaye, mwaminifu kupita kiasi, alikaribia kufa njaa kwa ajili yangu. Mimi ni mkeo, ewe mzee, mkeo! Miezi yote nilikuwa nalipiga kelele neno hilo, na sasa lilikuwa limefika kwenye ulimi, limekaa tayari. Lakini nilimjua mtu wangu. Nikisema ninaye, ataomba radhi, atarudi nyuma ya mashuka yale, na hatakuja tena, maana yeye hakuwahi kuwa mtu wa kumnyemelea mke wa mwenzake.

"Sina," nikamwambia mume wangu.